Pampu ya Hidroliki ya Trekta la Zamani Inavuja: Namna ya Kuitengeneza Mpaka Mwisho

Mvua za Lubumbashi hurudi kati ya Oktoba na Novemba, na kila anayelima mahindi upande wa Kipushi, njia ya Kasenga au barabara ya Likasi anajua maana yake: trekta likilala garaji wiki hizo, bukari (ugali) ya mwaka ujao imeshapungua. Kwa hiyo pampu inayovuja hutengenezwa Juni, Julai au Agosti, jembe likiwa limepumzika na kipuri kinachotoka Zambia kupitia Kasumbalesa kinaweza kungojwa bila presha. Ubaya wa miezi hiyo ni vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Tutalirudia, maana ndilo linaloua pampu nyingi hapa kwetu.

Kabla ya kushika spana, weka hili kichwani: sili ya shafti (mpira unaozuia mafuta yasitoke pale shafti inapopita; wauza vipuri wa mjini wanaiita jwenspi) mara chache huharibika peke yake. Kuna kitu kimeiua: shafti inayocheza, kipumulio cha tanki kilichoziba, mchanga ndani ya mafuta, au fundi aliyepita aliyefunga vitu kinyume. Ukibadilisha sili bila kumtafuta muuaji, utairudia kazi ileile kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

Pampu yako iko wapi?

Wengi wanaruka swali hili. Kama una Massey Ferguson 135, 165 au 240, pampu ya kunyanyulia jembe ina pistoni nne, imefichwa ndani ya boksi la nyuma, imezama kwenye mafuta na inazungushwa na shafti inayoendesha mitambo ya nyuma. Mpango huo ni urithi wa Ferguson TE20, trekta dogo la kijivu lililotengenezwa Uingereza kati ya 1946 na 1956. Pampu ya namna hiyo haiwezi kudondosha mafuta chini. Ikivuja, inavuja ndani kwa ndani, na dalili yake ni mikono ya nyuma ya trekta (ile inayobeba jembe) kunyanyua kwa uvivu au kugoma mafuta yakipata moto. Ukiona dimbwi chini ya trekta kama hilo, tafuta kwenye gasketi ya mfuniko wa juu, sili za shafti ya mikono, sili za ekseli au boliti ya kumwagia mafuta.

Mwongozo huu ni wa aina ya pili: pampu ya gia mbili, yenye bodi ya aluminiamu au chuma cha kumimina, iliyofungwa nje ubavuni mwa injini na kuzungushwa na gia za mbele za injini. Fiat 480 na 640 zina pampu za namna hii, na matrekta mengine mengi ya miaka ya 1970 na 1980 pia. Ina mrija mnene wa kunyonya na mwembamba wa kusukuma.

Jambo la hatari

Mafuta ndani ya mrija mwembamba yanafika bar 150 na kupita. Yakipata tundu dogo kama ncha ya sindano yanatoboa ngozi bila kelele, na kidonda kinafanana na mchomo wa mwiba. Mtu anacheka, anafuta mkono, anaendelea na kazi. Baada ya saa chache kidole kinavimba na nyama ya ndani inaanza kufa. Aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali palepale, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha, kwa sababu tiba yake ni kupasuliwa, tena mapema. Usitafute mvujo kwa kidole hata siku moja. Pitisha kipande cha katoni.

Halafu: shusha jembe mpaka chini, zima injini, cheza na wenzo wa hidroliki juu na chini mara kadhaa ili presha iishe, weka magogo nyuma ya magurudumu. Kama mikono imegoma kushuka, iegemeze kwenye stendi au gogo imara kabla ya kulegeza boliti yoyote.

Kumtafuta mvujaji wa kweli

Pampu iliyofunikwa na tope la mafuta na vumbi haisemi kitu. Ioshe kwa brashi na mazutu (dizeli), kisha sabuni na maji, kausha vizuri. Usitumie esansi (petroli) kwenye injini yenye joto. Ikishakauka, pakaza poda ya watoto au unga wa chaki kwenye bodi yote, maungio na chini yake. Washa injini polepole, nyanyua na kushusha mikono bila mzigo, zima, kisha angalia kwa tochi. Pale poda ilipolowa kwanza ndipo penye shida, hata kama matone yanaangukia kwingine. Mafuta husafiri juu ya chuma, kwa hiyo anza kusoma kutoka juu.

Ukiona unyevu kwenye maungio ya mirija, una bahati: ni oringi (pete ya mpira) au flanji (kola yenye boliti) iliyolegea, na pampu haitolewi. Ukiuona kwenye mstari kati ya bodi na mfuniko, oringi za ndani zimechoka au boliti zimelegea. Tatu ni ufa kwenye bodi, na hapo pampu hainunuliwi dawa.

Mvujo wa nne hauonekani kwa macho. Sili ya shafti iko upande wa injini, kwa hiyo ikifa, mafuta ya hidroliki yanashuka taratibu ndani ya injini wakati trekta limezimwa. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini asubuhi kabla ya kuwasha. Kama kiwango kimepanda na hakuna aliyeongeza, huku mafuta ya hidroliki yanapungua bila doa chini, umempata. Usiendelee kulima katika hali hiyo: mafuta ya injini yaliyochanganyika hayalindi beringi za mtaimbo-pindo (krankishafti). Baadhi ya pampu zina sili mbili na tundu dogo katikati; tundu hilo likitoa mafuta, mojawapo imeshindwa. Tundu limewekwa makusudi likusemeshe. Usilizibe.

Sili hiyohiyo inaweza kuingiza hewa injini inapozunguka, kwa sababu chumba chake kwenye pampu nyingi kimeunganishwa na upande wa kunyonya. Mafuta yanatoka povu jeupe na pampu inalia. Chota kidogo kwenye glasi safi uyaache saa moja au mbili. Povu likiisha na mafuta yakawa angavu, ilikuwa hewa. Yakibaki kama maziwa, au maji yakijikusanya chini, ni maji yaliyoingia, na hiyo ni kesi nyingine.

Na usiisingizie pampu kosa la jirani. Jembe likinyanyuka vizuri halafu linashuka lenyewe injini ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye silinda au vali, maana wakati huo pampu haifanyi kazi yoyote.

Kuitoa

Tandika turubai safi, chagua siku isiyo na upepo mkali au fanya kazi ndani. Andaa ndoo safi yenye mfuniko, vizibo vya plastiki au vya mbao, spana, nyundo ya mpira, bisibisi pana, jiliwa, venia ya kupimia na kalamu ya rangi. Matambara yanayotoa nyuzi yabaki mbali. Nyuzi moja inaweza kukwamisha vali.

Mwaga mafuta ya hidroliki, au kama tanki linaruhusu funga njia ya kunyonya. Yatazame yakiteremka na weka sumaku ndani ya ndoo. Unga mweusi laini wa chuma ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, au mng'ao wa dhahabu ambao sumaku haiugusi, maana yake bushi (vipande vya duara ambamo shafti huzunguka) zinakulika, jiandae kifedha.

Fungua mrija wa kunyonya, kisha wa presha, na uvizibe vyote viwili papo hapo, mrija na tundu la pampu. Legeza boliti za kushikilia pampu kwa zamu. Ikigoma, igonge kwa nyundo ya mpira pembeni. Usiingize bisibisi kati ya nyuso mbili, kwa sababu kila mkwaruzo utakaouacha pale utakuwa mvujo mpya. Ikitoka, angalia kiungo kinachopeleka mzunguko kutoka kwenye gia ya injini. Meno au ndimi zilizolika zinafanya shafti iruke-ruke, na hiyo ni mojawapo ya njia za kuua sili.

Kuifungua

Osha pampu nje mara ya pili kabla ya kuifungua. Kisha chora mstari mmoja kwa tindo au kalamu kutoka flanji ya mbele, kupita bodi, mpaka mfuniko wa nyuma, na andika pembeni upi ni upande wa tundu kubwa. Tundu la kunyonya karibu siku zote ni kubwa kuliko la kusukuma. Alama hizo si mapambo. Pampu nyingi za namna hii huzunguka upande mmoja tu, na chumba cha sili kinatoa mafuta yake kuelekea upande wa kunyonya. Ukifunga bushi au flanji kinyume, presha nzima inaingia nyuma ya sili na kuitema sekunde chache baada ya kuwasha. Sili mpya ikitoka nje mara moja, usikimbilie kulaumu duka. Angalia mpangilio kwanza.

Bana pampu kwenye jiliwa kwa kuishika kwenye flanji, si kwenye bodi. Toa boliti, nyanyua mfuniko, kisha vuta gia pamoja na vipande vinavyozishika, vile vyenye umbo la namba nane (tuviite vipande vya nane). Weka alama kwenye jino moja la kila gia pale zinapokutana, na panga kila kitu juu ya karatasi kwa mpangilio kilivyotoka. Piga picha kwa simu kila hatua, haigharimu kitu.

Sasa soma alama. Ndani ya bodi, upande wa kunyonya, utaona njia iliyochongwa na meno ya gia. Kiasi kidogo ni kawaida, kwa sababu presha inazisukuma gia upande huo. Pitisha ukucha. Ukiteleza, endelea. Ukinasa kwenye ngazi, bodi imekwisha, na hapo sili mpya itafunga mvujo wa nje lakini jembe litaendelea kunyanyuka kwa shida. Nyuso za vipande vya nane zinatakiwa ziwe laini; mistari ya duara ni mchanga uliopita, na rangi ya buluu ni joto la pampu iliyokimbia bila mafuta. Jino lililovunjika, hata kona tu, linahitimisha mjadala: nunua pampu nyingine.

Shafti na bushi

Hapa ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibikia, kwa hiyo usiharakishe. Rudisha shafti kwenye bushi yake ikiwa na mafuta kidogo na uitikise pembeni kwa kidole. Ukisikia inagonga, bushi imechoka. Mdomo wa sili ni mpira mwembamba unaokumbatia shafti. Hauwezi kuifuata shafti inayoyumba maelfu ya mara kwa dakika.

Lubumbashi ina jambo moja ambalo wakulima wa kwingine wangelitamani: migodi imetuachia wakereza vyuma hodari. Mtu anayekereza bushi za mitambo ya kuchimba shaba hatashindwa na bushi ya pampu ya trekta. Mpelekee shafti na kipande cha nane pamoja, si kimoja, na umwambie anakereza kwa ajili ya mzunguko ndani ya mafuta. Bushi mpya isiingie imekaza kiasi cha kukwamisha shafti inapopata moto. Kama vipande vya nane ni vya aluminiamu isiyo na bushi ya kubadilishwa, kununua seti nzima mara nyingi ni nafuu kuliko kuvichonga.

Kisha tazama sehemu ambayo mdomo wa sili unagusa. Mng'ao tu si tatizo. Mfereji unaonasa ukucha utakata sili mpya. Una njia mbili za uaminifu: kuvisha shafti bomba jembamba la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo, au kuingiza sili milimita 1 au 2 juu zaidi au chini zaidi ili mdomo upate chuma kipya, ikiwa nafasi ipo na tundu la kurudishia mafuta halizibwi. Usikubali shafti ikerezwe iwe nyembamba halafu utumie sili ya kipimo kilekile. Kama ni mikwaruzo midogo, ing'arishe kwa msasa namba 600 kisha 1000 wenye mafuta, huku shafti ikizunguka na msasa ukibaki mahali pamoja. Ukiutembeza kushoto na kulia utaacha mistari ya mzunguko kama ya skrubu, na mistari hiyo itasukuma mafuta nje hata chini ya sili nzuri.

Kununua sili na oringi

Ukiwa na kibao cha namba cha pampu, nunua seti kamili ya sili za pampu hiyo. Ukikosa, sili ya zamani ina vipimo vitatu vilivyochapwa juu yake: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nyumba yake na unene. Hakikisha kwa venia, maana huenda fundi aliyepita aliweka kilichopatikana. Mpira wa kawaida wa nitraili unatosha kwa mafuta ya hidroliki yanayokaa chini ya nyuzi 100; mahali pa joto kali chukua vitoni.

Kwenye oringi kuna mtego. Pampu za Kiingereza na Kimarekani hutumia vipimo vya inchi, za bara la Ulaya hutumia milimita, na zinakaribiana mno: unene wa milimita 2.62 dhidi ya 2.5, au 3.53 dhidi ya 3.5. Ukiweka nyembamba kwenye mfereji wa nene, pampu itavuja ikiwa baridi asubuhi ya Julai, halafu itajifanya imepona mchana. Pima mfereji. Usiamini oringi ya zamani iliyokwisha kubonyea.

Usikate gasketi kwenye tyubu ya gari. Mpira wa tyubu nyingi huvimba na kuoza ndani ya mafuta. Wala usipake silikoni kati ya bodi na mfuniko: inaongeza nafasi kati ya gia na kuta zake, hivyo pampu inapoteza nguvu, na ile inayobanwa kuingia ndani inasafiri mpaka kwenye vali.

Kuifunga

Osha vipande vyote kwa mazutu mapya, kausha, halafu lowesha kila kimoja kwa mafuta safi ya hidroliki. Toa sili ya zamani bila kukwaruza nyumba yake. Upande wenye springi unaangalia mafuta unayotaka kuyazuia. Pampu yenye sili mbili huwa zinapeana migongo, moja ikizuia mafuta ya pampu na nyingine ya injini, na kati yake unajaza grisi kidogo. Ingiza sili kwa soketi yenye upana karibu sawa nayo, ukigonga taratibu na kuhakikisha inaingia sawasawa pande zote.

Mwisho wa shafti una meno au mfereji wa kii wenye kingo kali. Ufunike kwa kipande cha plastiki nyembamba chenye grisi kabla ya kupitisha sili, la sivyo mdomo utachanika pale na hutauona mpaka trekta liwake.

Oringi zenye ringi ya plastiki ngumu pembeni: plastiki inakaa upande usio na presha. Rudisha gia kwa alama zako, vipande vya nane upande uleule, mfuniko kwa mstari uliouchora. Kaza boliti kwa mkato wa msalaba, raundi tatu, ukiongeza kidogokidogo. Kitabu cha pampu kina neno la mwisho kuhusu nguvu ya kukaza. Bila kitabu, boliti ya milimita 8 yenye alama 8.8 hukazwa karibu Nm (nyutoni-mita) 25, na kwenye uzi wa aluminiamu usizidishe hapo. Sasa zungusha shafti kwa spana fupi. Iwe nzito kidogo, lakini nzito sawasawa duara zima. Ikikaza sehemu moja, fungua tena. Kuna uchafu au kipande kimekaa upande.

Kuirudisha na kuiwasha

Kabla pampu haijarudi, shughulikia vilivyoua ya kwanza. Toa kipumulio cha tanki, kioshe, kipulize mpaka hewa ipite bila kizuizi. Safisha chujio la waya upande wa kunyonya, weka filta mpya, badilisha hosi ya kunyonya iliyokakamaa pamoja na klipu zake. Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, yamiminwe kupitia kitambaa laini kisicho na nyuzi au wavu safi. Mafuta ya breki hayaingii humu kabisa. Yanavimbisha sili hizi. Kama mafuta ya hidroliki yalifika kwenye injini, fanya vidanji (kubadilisha mafuta) ya injini na filta yake siku hiyohiyo.

Jaza pampu mafuta kupitia tundu la kunyonya ukiizungusha kwa mkono mpaka yatokee upande wa pili. Weka gasketi ya unene uleule wa zamani, funga pampu, unganisha mirija. Vuta kizimio cha injini na uzungushe kwa stata sekunde chache bila kuiacha iwake, pumzika, rudia. Ndipo uwashe, injini ikizunguka polepole kama dakika 5, bila kugusa wenzo. Mlio mkali usiopungua ni hewa: zima, tafuta upande wa kunyonya. Ukinyamaza, nyanyua na kushusha mikono mitupu mara kadhaa, zima, ongeza mafuta mpaka alama.

Kama una geji ya bar 250, iunge kwenye tundu la nje la hidroliki na ushikilie wenzo kwa muda mfupi tu. Matrekta mengi ya zamani husoma kati ya bar 150 na 200, na kipimo cha lako kimo kwenye kitabu. Kikiwa chini, usikaze vali ya kupunguzia presha ili namba ipande: unaweza kupasua pampu uliyotoka kuitengeneza.

Mwambie shofere wa trekta aangalie kijiti cha injini na poda uliyoipaka upya kwenye pampu kila asubuhi kwa wiki ya kwanza. Baada ya saa 10 za kazi kagua boliti za flanji, baada ya saa 50 badilisha filta ya hidroliki tena, kwa sababu uchafu uliobaki kwenye mirija huwa umeshakusanyika humo.